NYUMBA NJEMA SI MLANGO: Jinsi Tulivyokaa Nyumbani Eastlands Wakati wa Korona

Wahenga, ambao nadhani hawakuwahi kuishi kwenye fleti, walinena kwamba nyumba njema si mlango. Walitaka kutuonya kwamba uzuri wa nyumba hauonekani kwa kutazama nje, sharti uingie ndani. Kwa ruhusa ya walimu wetu wa Kiswahili, leo ninaomba kuigeuza methali hiyo kidogo. Nitajaribu kueleza kwamba kwa wengi wetu tunaoishi Eastlands nyumba haiishii mlangoni. Sehemu kubwa ya nyumba zetu iko nje ya mlango. Jambo hili lilidhihirika mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, tulipoamriwa tukae nyumbani.

Wakati huo mimi nilikuwa darasa la tano, mtoto wa miaka kumi. Najua wengi wenu mlikuwa rika langu, na wengine mmeanza kusahau. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Amri zenyewe

Kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zifungwe. Tarehe 20 mwezi uo huo matatu ya abiria 14 iliambiwa ibebe abiria 8 tu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza: hapana ruhusa ya kuwa nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha tarehe 6 Aprili jiji la Nairobi na viunga vyake likafungwa. Asitoke mtu, wala asiingie mtu, isipokuwa wachache wenye kibali na magari ya kubeba mizigo kama vile vyakula.

Jiji lilifunguliwa mwezi wa Julai 2020, likafungwa tena pamoja na kaunti nyingine nne kuanzia mwisho wa Machi 2021 hadi mwanzo wa Mei. Kafyu nayo ilibadilishwa saa mara kadhaa, lakini haikuondolewa kabisa hadi tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Hesabu mwenyewe, msomaji. Ni karibu miezi kumi na tisa.

Juu ya hayo kulikuwa na mambo matatu tuliyoambiwa kutwa redioni: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, vaa barakoa, na ukae umbali wa mita moja na nusu kutoka kwa mwenzako. Sisemi kwamba amri hizo zilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu wa kweli. Kinga ni bora kuliko tiba, hilo hakuna anayelibisha. Ninachouliza ni hiki: mtu anapoambiwa "kaa nyumbani", nyumbani ni wapi?

Chumba chetu

Sisi tunaishi Huruma, kwenye fleti ya ghorofa sita. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, yaani takriban mita tatu kwa mita tatu. Ndani yake tunaishi watu watano: baba, mama, mimi na ndugu zangu wawili wadogo. Ghorofa yetu ina vyumba kumi, vyoo viwili, bafu moja na mfereji mmoja wa maji mwishoni mwa ujia. Hatuko peke yetu katika hali hii. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, ambamo Huruma imo, na eneo lake lote ni kama kilomita mraba tatu tu. Hiyo ni karibu watu 69,000 katika kila kilomita mraba moja.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, watu watano wanaweza kabisa kutimiza ile amri ya mita moja na nusu. Wanne wasimame kwenye pembe nne na wa tano asimame katikati. Ukipima, kutoka katikati hadi pembeni ni zaidi ya mita mbili. Hesabu inakubali! Lakini pembe ya kwanza ina kitanda, ya pili ina jiko na mitungi, ya tatu ina kabati la vyombo, na ya nne ndiyo mlango. Katikati kuna meza na makochi mawili. Hesabu ya daftarini haikujua kwamba nyumba ina vyombo.

Vyumba vilivyo nje

Hata hivyo, usituhurumie upesi. Kabla ya korona hatukuwa tukihisi kwamba tunaishi katika chumba kimoja. Tulikuwa na vyumba vingi, ila havikuwa chini ya paa moja.

Ujia wa ghorofa yetu ulikuwa ndio jikoni na sebule. Akina mama waliwashia majiko yao hapo, wakasuka watoto nywele na kupeana habari. Baraza ilikuwa mahali pa kuanika nguo na kupunga upepo. Mfereji ulikuwa chumba cha kufulia. Barabara ilikuwa uwanja wetu wa kuchezea, na pia ofisi ya mama, kwa kuwa anauza mboga kando yake. Shule ilikuwa chumba cha kusomea, na kwa watoto wengi pia ilikuwa chumba cha kulia chakula cha mchana. Matatu aliyofanyia kazi baba kama makanga ilikuwa sehemu ya nyumba yetu vilevile, maana alitoka alfajiri na kurudi usiku, na kitandani alikuwa mgeni wa saa chache.

Chumba cha mwisho kilikuwa mbali zaidi. Nacho ni kwetu mashambani, Murang'a, kwa nyanya. Hiyo ndiyo iliyokuwa stoo yetu. Kila mwisho wa mwezi mtu akija Nairobi alituletea maharagwe, viazi na ndizi. Watu wengi wa Eastlands wana stoo kama hiyo, wengine Machakos, wengine Siaya, wengine Kakamega.

Kwa hivyo amri ya kukaa nyumbani ilipotolewa, kwetu haikuwa na maana ile iliyokuwa nayo kwa mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne na ua. Yeye aliambiwa akae katika nyumba yake yote. Sisi tuliambiwa tukae katika kipande kimoja cha nyumba yetu, na vile vingine vikafungwa kimoja baada ya kingine. Shule ilifungwa kwanza. Kisha matatu ikapunguza abiria, na baba akawa anafanya kazi siku tatu kwa juma. Kisha barabara ikafungwa jioni, na jioni ndiyo saa watu hununua mboga wakitoka kazini. Mama alilazimika kufunga kibanda saa kumi na moja ili afike nyumbani mapema, na sukuma wiki iliyobaki ikanyauka. Mwishowe stoo nayo ikafungwa, magari ya abiria yasiweze kutoka jijini.

Maji nayo? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nairobi maji huja kwa zamu, mtaa huu leo na ule kesho. Kwetu yalikuwa yakija usiku, siku mbili kwa juma. Siku zisizo na maji tulinunua kwa wauzaji chini ya fleti, na mtungi wa lita 20 ulipanda kutoka shilingi 10 hadi shilingi 20. Tuseme kila mtu anawe mara nane kwa siku na atumie lita moja kila mara. Watu watano watatumia lita 40, yaani mitungi miwili, yaani shilingi 40, kabla hujapika wala kuoga wala kufua. Mama alizoea kusema, "Hii maneno ya kunawa kila saa ni ya watu wa mfereji wa ndani." Lakini tulinawa. Alikata chupa ya plastiki, akatoboa kifuniko kwa msumari, akaitundika mlangoni, na maji yakachirizika polepole kama uzi.

Kwa nini vyumba ni vidogo?

Huenda msomaji akauliza, kwani nani aliyesema watu watano waishi katika chumba kimoja? Swali hilo lina historia.

Baadhi ya mitaa ya zamani ya Eastlands, kama vile Starehe, Ziwani na Shauri Moyo, ilijengwa enzi za ukoloni. Vyumba vyake vingi vilikusudiwa mfanyakazi mwanamume aliye peke yake. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini awe mikono tu ya kufanya kazi. Mke na watoto walitakiwa wabaki mashambani, na yeye mwenyewe akichoka arudi huko. Kwa hivyo tangu mwanzo chumba cha Eastlands hakikujengwa kiwe nyumba kamili. Kilijengwa kiwe mahali pa kulala tu, na nyumba ihesabiwe kuwa kwingine.

Baada ya Uhuru familia zilikuja mjini, kama ilivyo haki yao, lakini vyumba havikukua. Miaka ya 1970 serikali na Benki ya Dunia zilianzisha mradi wa Dandora, ambapo watu walipewa viwanja vyenye maji na choo, wajijengee wenyewe. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua mmoja. Kwingineko, kama hapa kwetu Huruma, wenye ploti walipanda juu: ghorofa nne, tano, sita, hata saba. Wazo likabaki lilelile la chumba cha kulala, na mambo mengine yote ukayafanyie nje.

Korona haikuwa ya kwanza kulifunua jambo hilo. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka wa 1902, mji ukiwa bado mchanga, wakuu wa serikali waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Tangu zamani maradhi yanapoingia mjini, makao ya watu waliobanana ndiyo hutazamwa kwanza, na mara nyingine hutazamwa kana kwamba yenyewe ndiyo maradhi.

Mfano wa watu wa mashua

Hapa nataka tuvuke bahari kidogo, maana kuna watu wa mbali ambao nyumba zao zinafanana na zetu. Mwalimu wetu wa Jiografia alipotufundisha usafiri wa majini alitutajia mifereji ya Uingereza. Usichanganye, msomaji. Huu si ule mfereji wa kuchotea maji tunaouita hivyo hapa Nairobi. Ni njia ya maji iliyochimbwa na watu, kama mto usiokwenda kasi. Mingi ilichimbwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita ili mashua zibebe makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Reli na malori yalipoichukua kazi hiyo, mashua ziligeuzwa. Siku hizi maelfu ya watu wanaishi ndani yake, wengine kwa kupenda, na wengine kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda.

Mashua hizo ni nyembamba ajabu, upana wake ni kama mita mbili tu. Chumba chetu kinaishinda kwa upana! Kwa urefu ndipo zinapotushinda. Lakini lililonivutia ni kwamba nyumba hizo nazo zina vyumba vyake nje. Maji huchotwa kwenye mabomba yaliyowekwa kando ya mfereji, kisha hujazwa katika tangi. Choo humwagwa mahali maalum. Kuni, makaa na gesi hununuliwa njiani. Isitoshe, sheria yao ya mwaka wa 1995 inasema mwenye mashua asiye na kituo cha kudumu hawezi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Sharti asogee mbele.

Sasa fikiria korona ilipoingia. Amri ya nchi ilisema kaa nyumbani, usitembee. Sheria ya mfereji ilisema usikae, tembea. Mtu afuate ipi? Mwezi wa Machi 2020 shirika linalosimamia mifereji hiyo liliisimamisha ile sheria ya siku 14. Watu waliambiwa watulie walipo, lakini waliruhusiwa kuisogeza mashua kwa mahitaji ya lazima, kama kuchota maji na kumwaga choo.

Sitaki kusema kwamba watu wale waliishi raha mustarehe. Kukaa ndani ya mashua ya upana wa mita mbili, kwenye baridi ya kule, si mchezo. Nataka tuone jambo moja tu. Mtu fulani aliyeandika ile ruhusa alijua kwamba nyumba ya mashua haiishi kwenye ubao wake. Alijua bomba liko nje, na akaliacha ndani ya amri.

Amri isipojua nyumba

Hapa kwetu mara nyingine amri haikujua hilo, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku ya nne tu ya kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akafa akiwa kwenye baraza ya ghorofa ya tatu, nyumbani kwao Kiamaiko, polisi walipokuwa mtaani wakitekeleza kafyu. Kiamaiko ni jirani yetu, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Baadaye mwaka huo afisa mmoja wa polisi alishtakiwa kwa mauaji. Sina la kuongeza juu ya kesi hiyo. Nasema tu kwamba baraza kwetu ni sebule. Mtoto yule alikuwa nyumbani.

Mapema mwezi wa Mei nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi Kaskazini, katika mzozo wa ardhi ya kituo cha majitaka. Ulikuwa msimu wa mvua za masika, kafyu ingalipo, na jiji limefungwa. Waliobomolewa waliambiwa na amri moja wakae nyumbani, na amri nyingine ikaiondoa nyumba. Kwenda mashambani nako hawakuruhusiwa.

Tarehe 6 Mei, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungwa kwa sababu maambukizi yalikuwa yakipanda huko. Kufungwa huko kuliendelea hadi mwanzo wa Juni. Nia ilikuwa njema. Lakini mtu aliyekuwa akilala Eastleigh na kufanya kibarua Gikomba alitenganishwa na chakula chake, na aliyekuwa akilala Huruma na kufanya kazi Eastleigh pia alitenganishwa na chake. Mama mmoja wa ghorofa yetu alikuwa akifanya kazi ya kuosha vyombo hotelini huko. Mwezi mzima hakuingiza hata senti.

Huyo mama ndiye aliyenifanya niikumbuke methali ya wahenga. Kodi ilipomshinda miezi miwili, mwenye fleti alituma mafundi wakang'oa mlango wake. Naam, mlango wenyewe, wakaupeleka chini na kuufungia stoo. Mama huyo akatundika shuka. Saa moja jioni ilipofika, redio ikawa inatangaza kila mtu aingie nyumbani na ajifungie, naye ana shuka. Nyumba njema si mlango, lakini jamani, angalau mlango uwepo!

Nasi pia tulipata letu. Nyanya aliaga dunia mwezi wa Mei, si kwa korona bali kwa shinikizo la damu aliloishi nalo miaka mingi. Matanga yaliruhusiwa watu 15 tu, na kutoka Nairobi kulihitaji kibali. Baba alikwenda kuomba kibali siku ya kwanza, akaambiwa arudi. Alirudi siku ya pili, akaambiwa barua ya chifu wa huko haijafika. Siku ya tatu nyanya alizikwa. Baba alikaa kwenye ujia na simu sikioni, akisikiliza maombi yakisomwa kaburini, mpaka salio likaisha. Jirani mmoja akamtumia salio la shilingi 20 bila kuulizwa. Sikuwahi kumwona baba amenyamaza namna ile.

Tulivyojikwamua

Mgala muue na haki umpe. Kuna mambo mazuri yaliyofanyika. Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi iliyoundwa mwezi wa Machi 2020 ilichimba visima vya maji katika mitaa mbalimbali ya mabanda. Mwishoni mwa Aprili ulianza mpango wa Kazi Mtaani, ambapo vijana walilipwa kuzibua mitaro, kuzoa taka na kusafisha njia. Mathare ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Vijana wa fleti yetu walifanya kazi hiyo, na mtaro uliokuwa ukitoa harufu tangu nizaliwe ukaanza kupitisha maji. Masomo nayo yalipeperushwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala redioni na kwenye runinga.

Lakini jambo lililotusaidia zaidi lilifanywa na akina mama wa ghorofa yetu wenyewe. Walifanya mkutano ujiani, kila mtu amesimama mlangoni pake, wakapanga zamu. Nitazieleza, maana huenda siku moja zikamfaa mtu.

Kwanza, zamu ya mfereji. Vyumba kumi viligawanywa mara mbili. Maji yakija usiku, vyumba vitano huteka kabla ya saa nne na vitano baada yake. Namba ziliandikwa kwa chaki ukutani ili watu wasisongamane. Pili, zamu ya kupika. Badala ya majiko kumi ujiani kwa wakati mmoja, yaliwaka matatu. Tatu, zamu ya vyoo: kila asubuhi chumba kimoja kiliosha vyoo vyote viwili na kuacha sabuni hapo. Nne, na hii ndiyo niliyoipenda, zamu ya kusoma. Ujia una taa moja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku ulikuwa wa wanafunzi. Majiko yaliondolewa, sauti zikapunguzwa, nasi tukakaa kwenye vigoda, kila mmoja mbele ya mlango wao, redio moja ikiwa katikati.

Hapo ndipo nilipojifunza sehemu. Mvulana wa kidato cha pili aliyekaa mlango wa tatu alitufundisha kwa kukata chapati ya kuchorwa sakafuni kwa chaki. Chapati halisi zilikuwa adimu miezi hiyo! Mabingwa wa masomo ya mtandaoni walikuwa kwingine. Sisi tulikuwa na taa moja, na tuliitumia. Darasa langu halikurudi shuleni hadi tarehe 4 Januari 2021, kwa maana waliotangulia kurudi, mwezi wa Oktoba 2020, walikuwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne.

Yule mama wa shuka pia alifikiriwa. Ghorofa yetu ilichanga, kila chumba shilingi 100, na chama cha akina mama kikaongeza. Hazikutosha kodi ya miezi miwili, lakini zilitosha kumfanya mwenye fleti aurudishe mlango na kungojea zilizobaki. Pesa zilikuwa ngumu kwa kila mtu wakati huo, kwa hivyo ile shilingi 100 ilikuwa na uzito wake.

Funzo

Nimeeleza haya yote kwa kuwa janga jingine laweza kuja. Lisipokuwa ugonjwa litakuwa mafuriko au ukosefu wa maji. Siku hizi pia majumba mapya yanajengwa katika sehemu za Eastlands, na wengine miongoni mwetu ndio watakaokuwa wachoraji ramani, wahandisi, maafisa wa afya na waheshimiwa. Kwao na kwenu nyote nina maombi matatu.

Ombi la kwanza: kabla ya kutoa amri ya "kaa nyumbani", uliza kwanza mfereji uko wapi, choo kiko wapi, na chakula cha kesho kiko wapi. Hivyo vyote ni nyumba. Kama viko nje ya mlango, amri iviache wazi, kama walivyoachiwa watu wa mashua mabomba yao.

Ombi la pili: anayejenga asihesabu vyumba vya kulala tu. Ajenge ujia mpana wenye taa, mfereji katika kila ghorofa, na mahali ambapo mtoto anaweza kufungua daftari. Chumba kidogo chenye ujia mzuri ni nyumba kubwa.

Ombi la tatu ni la shule zetu. Shule ni chumba cha kusomea cha mtaa mzima. Ikibidi ifungwe tena, pafanywe mpango wa wanafunzi wachache wachache kuja kwa zamu kusoma kwenye ukumbi au chini ya miti. Kama akina mama wa ghorofa moja waliweza kupanga zamu kwa kipande cha chaki, sioni kwa nini sisi tushindwe.

Zile namba za chaki ukutani zilifutwa zamani fleti ilipopakwa rangi, lakini zamu ya kusoma bado ipo. Jioni hii ndugu zangu wako ujiani, na majiko yanangojea saa mbili ifike. Nami zamu yangu ya taa inakwisha, kwa hivyo kalamu naiweka chini hapa. Wasalaam.